Si kweli kwamba Mazembe hushinda kwa kocha mzungu tu

Hapa Lubumbashi, kila TP Mazembe ikiyumba, utasikia watu wa mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya wakisema: leteni kocha mzungu, bila yeye hatupati kombe la Afrika. Maneno haya ni ya siku nyingi, na hayana ukweli.

Ni kweli Diego Garzitto alitupa Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2009, na Patrice Carteron 2015. Hubert Velud naye alishinda Kombe la Shirikisho, kombe la pili la klabu za Afrika, 2016. Lakini 2010 aliyekuwa kwenye benchi ni Lamine N'Diaye, Msenegali. Mechi yake ya kwanza ya fainali dhidi ya Espérance ya Tunisia, hapa mjini, iliisha 5-0! Desemba mwaka huohuo, Abu Dhabi, aliifunga Internacional ya Brazili 2-0, Mazembe ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu.

Halafu kuna Pamphile Mihayo, Mkongomani, mchezaji wetu wa zamani, ambaye kwangu anasahauliwa kupita kiasi. Mwaka 2017 alilitetea Kombe la Shirikisho: 2-1 nyumbani dhidi ya SuperSport United, kisha 0-0 Pretoria.