Nani anamaliza maji ya sukari usiku? Dhana potofu kuhusu chombo cha mvumaji

Jioni chombo cha kunyweshea ndege mvumaji kimejaa maji ya sukari hadi shingoni. Alfajiri hakina hata tone, na mvumaji wa kwanza anazunguka matundu matupu kama mteja aliyekuta duka limefungwa. Kusini mwa jimbo la Arizona, Marekani, hasa mji wa Tucson na vitongoji vyake, mambo haya hushika kasi Agosti na kuendelea hadi Oktoba. Maelezo yanayotolewa kwenye baraza za watu ni mengi, na mengi yake si kweli.

Kwa asiyemjua: mvumaji si chozi. Chozi wetu hupenda kutua karibu na ua ndipo anywe. Mvumaji huelea hewani mbele ya ua, mabawa yakipiga kwa kasi hadi yanavuma, na porini hupatikana mabara ya Amerika tu. Watu humtundikia chupa ya maji ya sukari yenye kitako chekundu kilichotobolewa matundu.

“Ndege ndio waliokunywa usiku”

Mvumaji ni ndege wa mchana. Giza likiingia hutua tawini, na usiku wa baridi huzama kwenye usingizi mzito: joto la mwili, ambalo mchana hukaribia nyuzi 40, hushuka sana, na moyo hupiga polepole ili akiba yake ndogo ya mafuta imfikishe asubuhi. Maji yaliyopungua kati ya magharibi na alfajiri yamekwenda kwingine.

“Chombo kinavuja”

Mara nyingine ni kweli, lakini angalia saa. Chupa iliyopinduliwa hushikilia maji kwa sababu hewa iliyobaki juu yake ina shinikizo dogo kuliko la nje. Hewa hiyo ikipata joto la jua hutanuka na kuyasukuma maji nje, na hali huwa mbaya zaidi chupa ikiwa nusu tupu. Hayo ni mambo ya mchana. Usiku hewa hupoa na kusinyaa, kwa hiyo chombo kinachovuja usiku kucha kwa kawaida kina mpira wa kifuniko uliochakaa, au kimefungwa vibaya.

Usibishane, pima. Jua likizama, bandika kipande cha utepe kwenye chupa usawa wa maji, kisha tandaza kipande cha boksi chini yake, chenye upana wa mita moja hivi. Asubuhi soma boksi. Doa moja kubwa linalonata, wima chini ya chombo, na sisimizi wamejipanga: hapo kinavuja. Matone madogo yaliyotawanyika pande zote, vidoa vya njano, na vumbi la chavua kwenye midomo ya matundu: hao ni popo. Chombo kikikutwa chini na kitako kimechomoka, huyo ni rakuni, mnyama wa usiku wa Amerika mwenye vidole vya kufungua vitu. Nguzo yenyewe ikiwa imelala, soma habari ya dubu hapo chini.

Nondo pia huja. Wanakunywa, lakini si wao wa kumaliza chupa ya lita moja. Kundi la popo huimaliza kwa usiku mmoja.

“Popo hao ni wa kunyonya damu”

Popo wanyonya damu wako aina tatu tu duniani, wote Amerika ya Kilatini, hawaishi Arizona. Wanaokuja kwenye chupa ni aina mbili za popo wa maua: popo mdogo wa pua ndefu, *Leptonycteris yerbabuenae*, na popo wa ulimi mrefu wa Mexico, *Choeronycteris mexicana*. Ndimi zao ni ndefu, na ncha yake ina vinyweleo kama brashi. Popo hatui kwenye chombo. Anakuja kwa kasi, anaelea mbele ya tundu muda usiotimia sekunde, anachovya ulimi, anapisha mwenzake. Ndiyo maana kamera ya kupiga picha moja moja hukuletea chupa tupu na giza. Iweke kwenye video ya sekunde 10 hadi 15, umbali wa mita moja na nusu hivi.

Chakula chao cha asili ni maua ya kaktasi kubwa (mimea minene ya jangwani yenye miiba) kama saguaro, na maua ya agave, ndugu wa mkonge. Aliyewahi kuona mlingoti wa mkonge Tanga anaujua umbo: mmea hukaa miaka mingi, unatoa mlingoti mmoja, unachanua, unakufa. Wa mashambani huacha vikonyo vinavyopandwa, lakini wengi wa agave wa porini huko jangwani hutegemea pia mbegu, na popo ni miongoni mwa wachavushaji wake wakubwa. Kazi hiyo hiyo popo wetu huifanyia mbuyu, ambao nao hufungua maua usiku.

“Ukiwaachia watazoea na hawatahama tena”

Popo wa pua ndefu hufuata msimu. Hutoka Mexico, hufika kwenye agave za kusini mashariki mwa Arizona kiangazi kikienda ukingoni, na wengi hurudi kusini vuli inapoingia, hata chupa zikiwa zimejaa. Spishi hii iliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini Marekani mwaka 1988, wakati waliojulikana hawakufika 1,000. Mwaka 2018 iliondolewa, ikikadiriwa kufikia 200,000. Ni popo wa kwanza nchini humo kuondolewa kwa sababu ya kupona. Kwa maoni yetu, mwenye chombo Tucson hana sababu ya kuwafukuza. Tatizo lao la kweli ni uchafu: vinyesi vyao vina sukari na hunata. Sogeza chombo mita tatu au nne kutoka ukutani na kwenye gari.

“Watatuambukiza kichaa cha mbwa”

Hapa kuna ukweli uliopotoshwa. Popo anayekunywa na kupita hakusogelei. Hatari ni popo aliye chini, asiyeruka, au anayeonekana mchana akiwa dhaifu: huyo usimguse kwa mkono mtupu, na mweke mtoto na paka mbali. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kutathminiwa kwa ajili ya chanjo. Meno yao ni madogo mno hata alama isionekane, kwa hiyo usingoje kuona kidonda.

“Wageni wamezidi, basi ongeza asali au rangi nyekundu”

Kipimo hakibadiliki: kikombe 1 cha sukari nyeupe ya kawaida kwa vikombe 4 vya maji. Asali huchacha haraka na kuotesha ukungu. Sukari ya kahawia ina madini ya chuma yasiyomfaa ndege. Rangi haina kazi kwa kuwa chombo chenyewe kina wekundu wa kutosha. Joto la Tucson mwezi Agosti huchachusha maji haya upesi, hivyo badilisha kila siku au kila siku ya pili, na usugue matundu kwa brashi nyembamba. Yakiwa na weupe kama maji ya mchele, mwaga; usiongeze mapya juu yake.

“Paka grisi kwenye nguzo, hakuna atakayepanda”

Grisi na mafuta hushika manyoya, na ndege mwenye manyoya yaliyonata hawezi kuruka wala kujikinga na baridi. Kwa sisimizi, tundika kikombe cha maji matupu juu ya chombo, hawavuki. Kwa rakuni, vika nguzo bomba la bati la urefu wa sentimita 60 na kipenyo cha 15 hadi 20, ukingo wake wa juu uwe karibu mita 1.2 kutoka ardhini, na nguzo iwe mbali na mti au uzio wa kurukia. Tawi moja lililosahaulika hubatilisha kazi yote.

“Dubu hajali tone la sukari”

Anajali. Dubu mweusi wa milimani hunusa mbali, na akishakula kwako mara moja hurudi. Huko bomba la bati halisaidii: ingiza chombo ndani nusu saa baada ya jua kuzama, ukaoshe kitako kilichonata, na ukitoe tena kabla ya mapambazuko, maana mvumaji huamka na njaa. Akishajitokeza dubu mtaani, ondoa vyombo vyote wiki kadhaa, na waombe majirani wafanye hivyo pia. Chupa moja iliyobaki kwa jirani inamtosha kurudi.