Twiga wa Lang'ata na Jirani Zake wa Mbugani

Watoto wa shule wanaoletwa Giraffe Centre, Lang'ata, hurudi nyumbani na mate ya twiga viganjani. Wachache huangalia miguu. Twiga wale, wanaoitwa Rothschild, hawana mabaka kutoka magotini kwenda chini. Utadhani wamevaa soksi nyeupe. Ukiingia Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, mwendo wa dakika chache kwa gari (siku ambayo hakuna msongamano), unakutana na twiga Masai. Mabaka yake yamechanikachanika kingoni kama jani la mzabibu, na yanashuka karibu mpaka kwatoni.

Nilipoanza kazi ya jenetiki ya uhifadhi, yaani kusoma vinasaba ili kulinda wanyama, tulifundishwa kwamba hao wote ni spishi moja. Mwaka 2016 kundi la watafiti, wakiwemo Julian Fennessy na Axel Janke, lilichapisha uchanganuzi wa DNA uliogawanya twiga katika spishi nne, zilizotengana zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Wengine baadaye walihesabu tatu, na ubishi huo umetupa kazi nyingi. Kenya pekee ina aina tatu: Masai upande wa kusini, Rothschild, na yule wa kaskazini ambaye mabaka yake makubwa yamegawanywa na mistari myembamba myeupe.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba hakuna bahari inayowatenga. Tena wakifugwa pamoja huzaana. Porini ni nadra. Maelezo mojawapo ni mvua: mimba na majani mabichi vinafuata misimu, na misimu ya kaskazini si ya kusini. Kwa hiyo ukiwachanganya katika boma moja kwa sababu tu "wote ni twiga", vizazi vichache vitafuta kazi ya miaka milioni.

Watu huniuliza vinasaba tunavipata wapi. Mara nyingi mavini. Kinyesi cha ndovu kinapopita utumboni huondoka na chembe za ukuta wa utumbo, zenye vinasaba vyake, nazo hubaki kwenye utando wa nje. Tunaukwangua utando huo kwa kijiti ungali mbichi na kuutia katika mrija wenye spiriti. Mnyama hata hajui kama tulipita. Msimu wangu wa kwanza niliandika namba za mirija kwa kalamu ya wino. Spiriti ikavuja njiani, na nilipofungua sanduku Nairobi, wino wote ulikuwa umefutika. Sampuli zilikuwepo, ila ndovu gani ni yupi, hapana. Siku hizi ninaandika kwa penseli, kwenye karatasi.

Ujuzi huohuo unatumika mahakamani. Nyama ikishachunwa na kukatwakatwa, macho hayatofautishi swala na mbuzi. DNA inatofautisha, na maabara ya shirika la wanyamapori, KWS, iliyozinduliwa Lang'ata mwaka 2015, ilijengwa kwa ajili ya ushahidi wa namna hiyo.

Lakini sehemu ngumu ya kazi hii ni ua. Vifaru weusi wa Kenya walishuka chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ujangili, na waliosalia wakalindwa katika maeneo yaliyozungushiwa ua. Ua uliwaokoa. Ua huohuo unamfanya dume mmoja azae na binti zake, kwa kuwa hana pa kwenda. Ndiyo maana tunahesabu ukoo. Mwaka 2024 vifaru 21 walipelekwa hifadhi ya Loisaba, Laikipia, wakitoka hifadhi tatu: Mbuga ya Nairobi, Ol Pejeta na Lewa. Kuchanganya koo namna hiyo kunawapa watoto watakaozaliwa huko damu pana zaidi.

Mbuga ya Nairobi yenyewe, iliyofunguliwa 1946, ina ua pande tatu. Kusini tu ndiko kumebaki wazi kuelekea Kitengela, na huko viwanja vinauzwa na kuzungushiwa waya. Utafiti wa vinasaba vya nyumbu uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba makundi yanayoendelea kuhama yana utofauti mkubwa wa vinasaba kuliko yale yaliyoacha kuhama. Kifaru tunaweza kumpandisha lori. Nyumbu huhama kwa maelfu, na njia yao ya kutoka mbugani inapita katikati ya viwanja hivyo.