“Papa, mi sipendi kuiga watu”

Nimeisikia tena Jumamosi moja hivi karibuni. Kijana ana miezi mitatu darasani kwangu, apareyi (kamera) ameinunua juzijuzi. Namwekea mezani picha moja iliyopigwa na Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, niliyoichapa kwa ukubwa wa daftari, namwambia: nenda kaipige hii hii kama ilivyo, uniletee baada ya wiki mbili. Anaitazama kwa adabu, anairudisha. “Papa, mi sipendi kuiga watu. Naogopa kupoteza mtindo wangu.”

Mtindo upi? Mtu ambaye bado anawakata watu miguu kwenye vifundo pichani hana mtindo wa kupoteza. Ana mazoea tu, na mengi yake mabaya. Nafundisha upigaji picha hapa Lubumbashi. Wengi wanakuja kwangu kwa ajili ya harusi na kolasio (sherehe za kuhitimu chuo), wachache wanaota maonyesho, na wote wananiletea dhana zilezile. Hii ya kuogopa kuiga ndiyo inayonichosha kuliko zote, basi nitaanza nayo, na nitakaa nayo.

Dhana: Kuiga wakubwa kunaua kipaji

Hao wakubwa wenyewe walitokea wapi? Keïta alikuwa kijana seremala kule Bamako alipoletewa kamera ndogo kutoka Senegal mwaka 1935. Kuchapa picha alijifunza katika chumba cha giza cha mwalimu wa shule, Mountaga Dembélé, na studio yake haikufunguliwa hadi 1948. Malick Sidibé, wa Bamako hiyohiyo, alianza kama msaidizi wa Mfaransa Gérard Guillat, akimwangalia mikono, kabla ya kufungua Studio Malick mwaka 1958. Henri Cartier-Bresson, mpiga picha wa Ufaransa ambaye vijana wananitajia kana kwamba alizaliwa jicho likiwa tayari, alisomea uchoraji kwa André Lhote. Na kilichomfanya aichukue kamera kwa dhati ni picha ya mtu mwingine: ile ya Martin Munkácsi, Mhungaria, ya wavulana watatu wanaokimbilia mawimbi, iliyozoeleka kuhusishwa na ziwa letu la Tanganyika.

Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui, Afrika ya Kati, akiwa na miaka 13. Mwaka 2008, akiwa tayari mtu mzima mwenye jina, alikaa mbele ya kamera yake mwenyewe akajigeuza Muhammad Ali, Angela Davis, hata Lumumba wetu, akifuata picha ambazo dunia nzima inazijua. Kuiga ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Na hapa nyumbani tunaye Sammy Baloji: mwaka 2006 alichukua picha za kikoloni za wafanyakazi wa migodi, wale wa enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, akawasimamisha juu ya picha alizopiga mwenyewe za magofu ya Gécamines, kampuni iliyoirithi. Mtu aliyeogopa kugusa picha za wengine asingefika hapo.

Tuliache hilo, maana majina hayamfundishi mtu kuona. Nieleze zoezi lenyewe lilivyokwenda kwa kijana huyu, kwa sababu alikubali hatimaye (nilimwambia asipolifanya asirudi).

Picha niliyompa: mwanamke ameketi, gauni la kitambaa chenye maua, nyuma yake kitambaa kingine chenye maua. Keïta alipiga uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Kijana akaona rahisi. Akatundika shuka kwenye ukuta wa parseli (kiwanja) yao, komini ya Kenya hapa mjini, akamketisha shangazi yake amevaa kitenge, akapiga saa sita mchana. Aliponiletea, macho ya shangazi yalikuwa mashimo mawili meusi, na pua imeangusha kivuli hadi mdomoni. Kichwa kimeng'aa, shingo haipo.

Akarudi chini ya mwembe. Mara hii uso ulijaa madoadoa ya mwanga kama chui, na kitenge kikamezwa na shuka: hujui mama anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Hapo ndipo alipoanza kuuliza maswali ya maana. Mbona kwa Keïta maua yako juu ya maua na mama bado anatoka mbele? Nikamwambia chukua kipande cha kala (mkaa), chora kwenye karatasi sehemu nyeusi tu za ile picha. Usichore mtu, chora weusi. Alipomaliza akaona mwenyewe: ngozi ya uso na mikono ndiyo sehemu kubwa pekee isiyo na mapambo, na mwanga unaitelezea kutoka upande mmoja, polepole, bila ukingo mkali. Jicho linapata pa kupumzikia.

Mara ya tatu akamketisha shangazi barazani, mabati yakimkinga juu, amegeukia ukuta mweupe wa jirani uliokuwa unapigwa na jua la saa tisa. Ukuta huo ukawa reflekta yake, ukimrudishia mwanga usoni. Hakulipa hata faranga moja. Angalieni mboni za macho katika picha hiyo: kila moja ina kipande kidogo cheupe, umbo la ukuta. Hiyo nukta ya mbonini ndiyo ninayowaambia kila siku muitafute kabla ya kitu kingine chochote katika picha za wakubwa. Inawaambia mwanga ulisimama wapi, ulikuwa mkubwa au mdogo, juu au chini. Hamuulizi mtu tena.

Na mtindo wake, ule aliouogopea? Shangazi alikataa kuegemea mkono kama mwanamke wa Bamako. Alisema anaumwa bega. Akaweka mikono yote miwili magotini, viganja juu, kama anayesubiri kupewa kitu. Kijana alijaribu kumrekebisha, akashindwa, akapiga hivyohivyo. Picha hiyo si ya Keïta, na ni picha nzuri kuliko zote alizowahi kuniletea. Ametia bidii mara tatu aifanye iwe ya mwingine, na kilichobaki bila kufanana ndicho chake. Asingekiona kwa kukaa nyumbani akilinda mtindo.

Dhana: Ukiifanya nyeusi-nyeupe, umeiga wakubwa

Hapana. Nyama iliyooza haiponi kwa pilipili. Keïta alikuwa na filamu nyeusi-nyeupe na aliweza kuisafisha mwenyewe, ndiyo maana. Ikiwa rangi zako zinagombana, tatizo ni ulipomsimamisha mtu, na kuzifuta kwenye simu hakukufundishi kumsogeza.

Dhana: Huwezi kuiga bila kamera yao

Cartier-Bresson alitumia lenzi ya milimita 50 kwa kazi yake nyingi. Lenzi ya 50 ndiyo karibu rahisi kuliko zote sokoni, na wengi wenu mnayo ndani ya begi mmeidharau kwa sababu haikuzi. Mwenye simu pekee na apige kwa simu, ila asikuze kwa vidole; atembee.

Dhana: Wakubwa wanabonyeza mara moja tu

Hii ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza. Keïta kwa kawaida alipiga mara moja kwa kila mteja, kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Lakini kabla ya kubonyeza alikuwa ameshamgeuza mteja bega, ameshapanga mikono, ameshaona. Mpiga picha Robert Frank alizunguka Marekani miaka ya 1950 akapiga fremu zaidi ya 27,000, na kitabu chake kikabeba picha 83. Kwa hiyo, ama upange sana upige moja, ama upige nyingi utupe nyingi. Ninyi mnapiga 600 kwenye harusi moja na kumkabidhi bibi harusi 590. Hiyo si njia ya Keïta wala ya Frank.

Dhana: Nikishaiga vizuri, picha ni yangu

Zoezi ni zoezi. Kuna mwanafunzi aliyewahi kupeleka zoezi la darasani kwenye mashindano bila kusema ni zoezi. Mjumbe mmoja wa kamati aliijua picha ya asili kabla hajafika mwisho wa meza. Andika chini: “kwa kumfuata fulani”. Maneno matatu yanatosha, na hayakupunguzii kitu.

Zoezi la Jumamosi ijayo ni lilelile, picha tofauti. Njooni na kala, karatasi, na shuka yenye maua. Shuka muiombe nyumbani kwanza, msiibebe tu: udongo mwekundu wa hapa hautoki ukisuguliwa, na mama wa mmoja wenu hajanisamehe hadi leo.