Nini maana ya kujifunza kwa njia ya michezo katika darasa la awali?

Kujifunza kwa njia ya michezo ni utaratibu wa kumfundisha mtoto mdogo, hasa wa miaka mitatu hadi sita, kupitia shughuli anazoingia kwa hiari yake, akitumia mikono, macho na ulimi wake, katika mazingira ambayo mwalimu ameyaandaa akiwa na lengo. Hapo kuna mambo mawili yanayotegemeana: hiari ya mtoto na lengo la mwalimu. Ukiondoa hiari, kinachobaki ni zoezi la kawaida lililoitwa mchezo. Ukiondoa lengo, una watoto wanaocheza tu. Hilo nalo ni jema, na ni haki yao kwa mujibu wa ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ila mwalimu bado hajafanya kazi yake.

Wengi wetu tulikua tukiambiwa "acha mchezo, nenda kasome", kwa hiyo tunauona mchezo kama mapumziko baada ya somo. Kwa mtoto wa miaka mitano mambo hayako hivyo. Tuangalie kona ya duka, ambayo ni mojawapo ya kona za ujifunzaji zinazotengenezwa katika madarasa mengi ya awali siku hizi.

Mezani kuna makopo matupu ya maziwa, mchanga mkavu ndani ya beseni (huo ndio unga), vifuu vya nazi vya kupimia na rundo la visoda ambavyo ndiyo hela. Mteja anakuja anataka vifuu viwili vya unga. Muuzaji anapima, anamimina, anasema, "Visoda vitano." Mteja anavyo vitatu tu. Anawaza kidogo, kisha anasema alichosikia kwa wakubwa: "Niandikie, baba atalipa jioni." Muuzaji anachukua kipande cha mkaa na kuchora mistari miwili kwenye boksi.

Katika dakika hizo mbili mtoto amepima ujazo, amehesabu, ametoa tatu kwenye tano, na amejadiliana na mwenzake bila kupigana. Juu ya hayo yote, amejua maandishi yanatumika kwa nini: yanatunza jambo ambalo watu wanaweza kulisahau au kulikana. Mtoto aliyekwisha kuhitaji kuandika hafundishwi herufi kwa shida ileile ya mtoto anayenakili "a" kurasa tatu bila kujua anamwandikia nani.

Na mwalimu yuko wapi? Yuko palepale, amekaa chini kwenye mkeka, anasikiliza. Baadaye anaingia dukani kama mteja na kuuliza, "Huyu aliyekopa, nikija mimi kuuza kesho nitajuaje kuwa ni yeye?" Muuzaji anatazama mistari yake miwili na kugundua kwamba hakuna jina. Sasa anataka kujua jina la mwenzake linaandikwaje. Swali moja limefungua somo zima, na mtoto ameliomba mwenyewe. Hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi ya mwalimu wa awali, na haithaminiwi inavyostahili. Anatakiwa ajue ni lini aulize, lini anyamaze, na lini aongeze kitu kwenye kona ili mchezo usonge mbele.

Baadhi ya shule hufuata mzunguko wa hatua tatu: kupanga, kutenda, kukumbuka. Asubuhi kila mtoto anasema atacheza kona gani na atafanya nini huko. Anakwenda kufanya. Kisha wanakaa duara, kila mmoja anaeleza alichofanya na kilichomshinda. Utaratibu huo ulikuzwa mjini Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, na wale walioendesha mradi maarufu wa shule ya awali ya Perry kati ya mwaka 1962 na 1967. Watoto 123 kutoka familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa makundi mawili: 58 waliingia shule ya awali, na waliobaki hawakuingia. Walifuatiliwa mpaka walipotimiza miaka 40. Waliopita shule ile walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao. Ni kundi dogo na ni nchi nyingine, kwa hiyo sisemi kila chekechea yenye kona italeta matunda hayohayo. Ila linaonyesha kwamba kinachopandwa katika umri huu hudumu.

Vifaa vya kazi hii tunavyo mlangoni. Kokoto, vijiti, makumbi, vifuu, udongo wa mfinyanzi, mbegu za ukwaju na za ubuyu, majani ya kila umbo. Chukua mchezo wa mdako. Kishimo kimejaa kokoto, kijiwe kimoja kinarushwa juu, na kabla hakijaanguka mchezaji anakokoa kokoto kutoka shimoni, anakidaka, anakirusha tena na kuzirudisha zote isipokuwa moja. Mzunguko unaofuata anaacha mbili. Watoto wa miaka minne hawawezi kasi hiyo, basi mwalimu anawarahisishia: wanazitoa kwa mkono, wanarudisha, wanabakiza idadi iliyotajwa. Hesabu za kujumlisha na kutoa zimo ndani ya mchezo ambao bibi zao waliucheza.

Mazingira ya asili yana faida nyingine ambayo kifaa cha dukani hakina: hayamtii mtoto, kwa hiyo yanamlazimu kufikiri. Panda kunde kwenye chupa tupu ya maji iliyokatwa juu na kutiwa udongo, mbegu ikae ubavuni karibu na plastiki ili ionekane. Mwache mtoto mmoja aipande yake kichwa chini. Baada ya siku chache mzizi unatoka, na hata ile iliyopinduliwa mzizi wake unajikunja kuelekea chini. Kisha kijishina kinajipinda na kuinyanyua mbegu yenyewe juu ya udongo. Kila mtoto atakuwa na maelezo yake, na watabishana. Mwalimu asiwahi kutoa jibu. Aulize, "Tukiigeuza chupa leo, kesho tutaona nini?" Huo tayari ni mwanzo wa sayansi: kutabiri, kusubiri, kutazama tena. Watoto wa Pwani wana maji kupwa na kujaa, wa Dodoma wana mtama na mibuyu, wa mjini wana angalau mchwa, mvua na kivuli cha mlingoti wa bendera ambacho saa mbili asubuhi ni kirefu na saa sita ni kifupi.

Hapa niseme jambo la usalama, maana lina uzito. Watoto wadogo husukuma vitu vidogo puani na masikioni, kwa hiyo kokoto na mbegu ziwe kubwa kuliko tundu la pua, na ziwe chini ya jicho la mtu mzima. Mbegu za mbarika, wengine wanaita nyonyo, zina sumu. Vilevile zile nyekundu zinazong'aa zenye doa jeusi, ambazo watu hutungia shanga. Zinapendeza sana kwa kuhesabia, na ndiyo sababu zisiingie darasani kabisa.

Baada ya mchezo na mazingira, nguzo iliyobaki ni jamii, na mara nyingi hii huishia kuwa michango ya fedha tu. Mfano ninaouona bora ulizaliwa kwetu. Viongozi wa jamii za Kiislamu katika Pwani ya Kenya waliona watoto wao wanabaki nyuma shuleni, wakaomba msaada. Mwaka 1986 shirika la maendeleo la Aga Khan Foundation likaanzisha Programu ya Madrasa mjini Mombasa, na mwalimu Swafiya Said ndiye aliyeongoza kazi ya mwanzo. Mwaka 1990 ikafika Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda. Wazo lilikuwa kuanzia pale jamii ilipokwisha kuanza yenyewe: watu tayari walikuwa na madrasa, walikuwa na imani nayo, na walikuwa na desturi ya kupeleka watoto huko. Shule ya awali ikajengwa juu ya msingi huo, ikichanganya malezi ya dini na ule mzunguko wa kupanga, kutenda na kukumbuka. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa uleule, waliopewa mafunzo na kufuatwa darasani mwao kusaidiwa. Kamati ya kijiji ndiyo iliyosimamia shule. Zana zilitengenezwa kwa vitu vilivyopo. Shule zaidi ya 200 zilizaliwa kwa njia hiyo katika nchi tatu, na watafiti waliowalinganisha watoto, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, walikuta kwamba waliosoma shule yoyote ya awali waliwazidi waliobaki nyumbani katika ukuaji wa akili, na wa shule za Madrasa walikuwa mbele zaidi.

Kinachonigusa katika habari hiyo ni kwamba mama wa mtaani alitambuliwa kuwa ana kitu cha kufundisha. Mlete darasani mama anayesuka ukili. Miyaa mingine ameitia rangi, mingine ameiacha nyeupe, naye anasuka huku anahesabu kimoyomoyo ili ua lisiharibike. Akikosea mwaa mmoja, kosa linaonekana mpaka mwisho wa mkeka. Watoto wakimtazama kisha wakajaribu kusuka vipande vitatu vya kitambaa, wanajifunza mpangilio unaojirudia, ambao ni mzizi wa hisabati, na wanamwona jirani yao kwa macho mapya. Mvuvi anaweza kuonyesha anavyoziba tundu la wavu. Seremala analeta mabaki ya mbao yaliyopigwa msasa. Babu analeta vitendawili na ngano, na mtoto aliyezoea "Paukwa! Pakawa!" hujua kusikiliza kwa zamu kabla hajaambiwa na mwalimu yeyote. Lugha nayo inafaidika, kwani mtoto anazungumza na watu wazima wengi kwa lugha ya nyumbani kwao, na msamiati wake unapanuka kuliko vile darasa peke yake lingeweza kumpa.

Jamii pia ndiyo jibu la tatizo ambalo walimu hulitaja kila wanapofundishwa mbinu hizi. Nchini Tanzania kanuni ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, lakini shule nyingi za umma zina watoto mara mbili, mara tatu, hata mara nne ya hao. "Kona gani hizo, mwalimu, na watoto wote hawa?" Wana haki ya kuuliza hivyo, na si haki kuwajibu kwa semina nyingine. Kinachosaidia ni kuwagawa: kundi moja liko na mwalimu, jingine liko chini ya mti na mzazi wa zamu, jingine linacheza kwenye kona zisizohitaji msaada. Mzazi wa zamu hahitaji cheti. Anahitaji kuelezwa mapema afanye nini, aulize maswali gani, na asiwafokee watoto kwa kuchafuka.

Wazazi wengine hawaridhiki, nami nawaelewa. Baba analipa ada, anafungua mkoba jioni, anakuta daftari tupu. Jirani yake anamwonyesha la mwanawe wa nasari, limejaa namba mpaka mia. Zaidi ya hapo kuna shule zinazowafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea darasa la kwanza. Basi baba anataka KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na anazitaka leo. Hakosei kuzitaka. Ila mtoto wa miaka minne bado ana mifupa midogo ya kifundo cha mkono inayoendelea kukomaa, na vidole vyake vinapata nguvu ya kushika penseli kwa kufinyanga udongo, kukamua nguo za mwanasesere na kusokota kamba. Akilazimishwa kuandika kabla ya hapo anashika penseli vibaya, anachoka haraka, na anaanza kuichukia shule akiwa na umri ambao alipaswa kuipenda. Mtaala wa awali wa Tanzania na ule wa umilisi wa Kenya kwa PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya awali, yote inamtaka mwalimu atumie michezo na shughuli za vitendo. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha hivyo anafuata mtaala, naye asionekane mvivu.

Mzazi anayetafuta shule anaweza kutambua mambo haya bila utaalamu wowote. Ingia saa tatu asubuhi, usikilize. Kama sauti pekee ni ya mwalimu na kiitikio cha darasa zima, michezo imebandikwa ukutani tu. Tazama zana: je, ziko chini watoto wanapozifikia, au zimepangwa juu ya kabati zisichafuke kabla ya ukaguzi? Muulize mwalimu mtoto wako amejifunza nini wiki hii. Anayeifanya kazi hii kwa dhati hatakuonyesha daftari kwanza. Atakwambia kwamba Jumanne alijenga daraja la vibao likaanguka, akakataa kusaidiwa, akalijenga upya kwa vibao vipana chini, na kwamba sasa anawaelekeza wenzake namna ya kuanza.