Kupogoa mzabibu hakuui mavuno

Katika baadhi ya nyua za Dar es Salaam mzabibu huachwa utambae juu ya kichanja upendavyo, kwa imani kwamba kila tawi linalokatwa ni vishada vilivyopotea. Hofu hiyo inaeleweka: ukikata, maji hudondoka kwenye kidonda. Ni maji yanayosukumwa na mizizi, nayo hukoma yenyewe.

Vishada havitoki kwenye shina kuukuu. Hutoka kwenye machipukizi mapya, yanayochomoza kwenye macho (vifundo vya kuchipulia) ya matawi yaliyokomaa msimu uliopita. Usipopogoa, macho huzidi uwezo wa mti: vishada tele, punje ndogo, sukari haba. Majani nayo husongamana, na kwa unyevunyevu wa pwani yetu ugonjwa wa ukungu haukawii. Dodoma, kwenye zabibu zenyewe, wakulima hupogoa ndipo mti uchipue, na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Kukata ovyo nako kunapunguza mavuno, hilo ni kweli. Baadhi ya aina huhitaji kuachiwa matawi marefu kidogo.

Unataka kuhakikisha? Fuata kikonyo cha kishada chochote uone kimeota kwenye tawi la umri gani. Au pogoa upande mmoja tu, kisha uonje zabibu za pande zote mbili.