Ndege ya mtumba ya rimoti: kinachotengenezeka Dodoma na kisichotengenezeka

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa fizikia anayefundisha sekondari hapa Dodoma alifika kwenye meza yangu ya ufundi akiwa na picha mbili kwenye simu. Zote zilikuwa za ndege ndogo za kuongozwa kwa redio, zote zilikuwa mtumba, na bei zake zilikaribiana. Ya kwanza ilikuwa mfano wa P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, inang'aa kama sahani iliyotoka dukani, na muuzaji alikuwa ameandika kwa fahari kwamba haijawahi kurushwa. Ya pili ilikuwa ndege ya kujifunzia iliyotengenezwa kwa foamu, bawa lake likiwa juu ya kiwiliwili na likiwa na urefu wa mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, na pua yake ilionekana wazi kwamba imeshavunjika na kuungwa si chini ya mara mbili. "Fundi, mimi sijawahi kurusha hata tiara," aliniambia. "Nichukue ipi?"

Nilimwambia achukue yenye makovu, naye akanitazama kama anayedhani namtania.

Anayeanza kurusha ndege ataiangusha, na kwa kawaida ataiangusha mapema. Kwa hiyo, mtu anayenunua ndege ya kwanza hana sababu ya kuuliza ipi ni nzuri zaidi; anapaswa kuuliza ni kitu gani, kikivunjika Jumamosi asubuhi, ataweza kukiunga jioni kwa vitu vya soko la Majengo, na ni kitu gani kitamlazimu kungoja mzigo kutoka nje ya nchi kwa wiki kadhaa. Kiwiliwili cha foamu kiko katika kundi la kwanza. Risiva (kile kipokezi cha mawimbi kilichomo ndani ya ndege), rimoti na betri ziko katika kundi la pili. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huchunguza kundi la kwanza peke yake, kwa kuwa ndilo linaloonekana kwa macho.

Kiwiliwili nitakipitia haraka. Ndege nyingi za kujifunzia za miaka ya karibuni zimetengenezwa kwa foamu inayoitwa EPO, ambayo hunyumbuka kidogo kabla ya kukatika na huungika vizuri kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya ya mirija miwili. Vijiti viwili vya mishikaki vikipitishwa ndani ya pua iliyovunjika na kufungwa kwa epoksi, pua hiyo huwa imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Waya wa kusukumia usukani ukipotea, spoku ya baiskeli inatosha. Angalizo ni moja tu: kama ndege imetengenezwa kwa foamu nyeupe ya chembechembe, ile inayofungiwa televisheni mpya, usiiguse kwa supaglu ya kawaida kwa sababu gundi hiyo huila foamu na kuacha shimo. Kinachonitia wasiwasi si ufa bali ni bawa lililojipinda. Lilaze juu ya meza iliyonyooka, fumba jicho moja, kisha litazame kwa nyuma. Kama ukingo wa upande mmoja umeinuka kuliko wa upande wa pili, ndege hiyo itakuwa inageuka yenyewe siku zote, na rubani mgeni atadhani kosa ni lake.

Servo, yaani vile visanduku vidogo vyenye mkono unaosukuma vibao vya usukani, huchunguzwa kwa vidole. Sogeza mkono wa servo taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, ndege ikiwa imezimwa. Ukihisi mahali panaporuka au kukwama, ujue gia ya plastiki imekatika jino. Halafu washa ndege na uiache bila kugusa rimoti: servo inayotetemeka yenyewe imechakaa ndani. Hili halinifanyi nikimbie ndege, kwa sababu servo za gramu 9 ni zilezile wanazotumia wanafunzi katika miradi ya roboti na zinapatikana nchini kwa bei nafuu. Mota nayo izungushe kwa kidole na usikilize kama kuna mchanga ndani, maana vumbi letu la Dodoma lina tabia ya kuingia lisikoalikwa.

Sasa tufike kwenye redio, ambapo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Rimoti na risiva ni kama kufuli na ufunguo wake. Nyingi za kisasa hutumia masafa ya 2.4 GHz, lakini hilo halina maana kwamba zinasikilizana, kwa sababu kila kampuni ina lugha yake: rimoti ya Spektrum haiongei na risiva ya FlySky, na ya Futaba kwa kawaida haiongei na ya FrSky. Muuzaji akikuambia kwamba rimoti imepotea lakini "utapata yoyote tu", ujue anakuuzia foamu na mota. Nimeshaona ndege ya namna hiyo ikikaa juu ya kabati la mtu kwa mwaka mzima. Kama rimoti ina antena ndefu ya kuvuta na kipande kidogo cha kristali kinachochomekwa nyuma, hiyo ni ya zamani, ya kabla ya 2.4 GHz. Inaweza kufanya kazi, lakini huingiliwa kirahisi na mawimbi mengine, na mimi simshauri anayeanza aitumie.

Vilevile tazama mkono wa gesi, yaani kile kijiti cha kuongezea mwendo wa mota, ambacho hakirudi katikati ukikiachia. Kikiwa kushoto, rimoti hiyo ni ya mpangilio wa pili, unaotumiwa na marubani wengi wa Marekani. Kikiwa kulia, ni wa kwanza, ambao umezoeleka sana Japani. Kwetu sisi tunaoletewa vitu vingi vya mtumba kutoka Japani, jambo hili si la kupuuza. Hakuna mpangilio ulio bora kuliko mwenzake, ila vidole vikishazoea mmoja havibadiliki kwa urahisi, kwa hiyo nunua ule anaoutumia mtu atakayekufundisha.

Fungua pia mfuniko wa betri wa rimoti. Hapa ndipo ile sifa ya "haijawahi kurushwa" inapoanza kutia shaka. Muuzaji wa Mustang alikubali tukaione, na mwalimu akanishikia tochi ya simu. Kwenye springi mbili za mwisho palikuwa na unga wa kijani uliokauka, kama ule unaoota kwenye sarafu iliyolala majini. Betri ziliachwa ndani zikavuja, na dawa yake ilishapanda kwenye waya. Nilikwaruza kwa ncha ya bisibisi nikakuta waya mweusi ndani ya ganda lake, mahali ambapo shaba ilipaswa kung'aa. Rimoti iliwaka. Lakini waya wa aina hiyo huwaka leo na kukata kesho, tena ndege ikiwa hewani.

Jaribio la umbali hufanyika mkiwa chini. Rimoti nyingi za 2.4 GHz zina namna ya kupunguza nguvu kwa makusudi. Ukishaiweka hivyo, mwachie mwenzako ndege, tembea hatua 30 hivi, kisha chezesha usukani. Servo zikisita au zikijitikisa zenyewe, usinunue. Baada ya hapo toa propela, narudia, toa propela, halafu washa mota kidogo na uzime rimoti ghafla. Mota inapaswa kusimama yenyewe. Isiposimama, mpangilio wa usalama haujawekwa, na siku mawasiliano yatakapokatika ndege itaendelea kwenda huku inasukumwa.

Kuhusu betri nina msimamo ambao wauzaji hawaupendi: betri zote za mtumba nazihesabu sifuri katika bei. Nyingi ni za lithiamu polima, na zile zenye seli tatu huandikwa 3S au volti 11.1. Seli moja ikijaa husoma volti 4.2, na ikishuka chini ya volti 3.0 huanza kuharibika. Betri ambayo haitumiki inapaswa kuhifadhiwa karibu na volti 3.8 kwa kila seli. Ikikaa kabatini miezi ikiwa imejaa pomoni, huzeeka bila hata kuona uwanja. Chukua multimita upime kila seli kupitia ile plagi ndogo nyeupe ya pembeni. Seli zenye afya hukaribiana sana. Ukikuta mbili zinasoma 3.85 na ya tatu 3.4, hapo una mgonjwa. Betri iliyovimba kama andazi haijadiliwi, haichajiwi na haipandishwi kwenye bodaboda. Anayekuletea ndege kutoka nje mwambie abebe betri kwenye mzigo wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, kwa sababu mashirika ya ndege hayaruhusu betri za akiba kwenye mizigo inayoingia chini ya ndege.

Kosa langu kubwa halikutokana na betri wala redio, bali na haraka. Ndege yangu ya pili niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji, na kabla ya kuirusha niliangalia, kama ninavyowafundisha wengine, kwamba kila kibao kinacheza. Vilicheza vyote. Sikuangalia vinacheza kuelekea wapi. Rimoti ilikuwa na kumbukumbu ya mipangilio ya ndege kadhaa za mwenye mali wa kwanza, nami nilichagua isiyo ya ndege hii, ambayo eleroni zake, vile vibao vya ukingoni mwa bawa vinavyoinamisha ndege upande mmoja, zilikuwa zimegeuzwa. Ndege iliinama kushoto, nikaipa kulia, ikazidi kwenda kushoto, nikaongeza kulia kwa hofu. Iliishia katika shamba la alizeti, na mzee mwenye shamba, baada ya kunisikiliza kwa upole nikimweleza habari za kumbukumbu ya rimoti, aliniuliza ni nani atalipia vichwa vinne vya alizeti. Nililipa. Tangu siku hiyo nasimama nyuma ya ndege, napeleka kijiti kulia, na kibao cha bawa la kulia lazima kiinuke. Kisipoinuka, hakuna kuruka.

Mwalimu wa fizikia alifurahishwa zaidi na habari ya hewa. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na siku ya nyuzijoto 30 hewa yetu huwa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko hewa ya kawaida ya pwani ambayo wahandisi huitumia katika hesabu zao. Bawa linahitaji mwendo wa ziada wa takribani asilimia 10 ili libebe uzito uleule, huku propela nayo ikipata hewa pungufu ya kusukuma. Ndiyo maana uzito wa ndege ya mtumba una umuhimu wa pekee kwetu. Ipeleke kwa muuza duka uipime kwenye mizani, kisha linganisha na uzito ulioandikwa na mtengenezaji. Gundi ya wamiliki watatu inaweza kuongeza gramu nyingi. Halafu iinue kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, betri ikiwa ndani. Kwa ndege nyingi za kujifunzia inapaswa kutulia vidole vikiwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukilala, sogeza betri mbele, na kama haisogei zaidi, ongeza uzito puani. Ndege yenye mkia mzito huinua pua, hupoteza mwendo na kuanguka kabla mgeni hajajua nini kimetokea.

Mustang ina bawa la chini na mwendo mkali, na ikipungua kasi hudondosha bawa moja bila kuaga. Kwenye hewa yetu tabia hiyo inazidi. Ile ya kujifunzia, bawa lake la juu lililoinuka kidogo kwenye ncha huirudisha ndege katika usawa ukiachia vijiti. Kuhusu ndege za injini ya mafuta sitasema mengi: mafuta ya nyingi ndogo ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili, huyapati kwenye kituo cha mafuta cha Area C, na anayeanza hana haja ya kujitafutia shida hiyo.

Kuna pia suala la mahali. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko ndani ya mji, na ule wa Msalato uko upande wa kaskazini. Kwa hiyo nafasi iliyo wazi si lazima iwe salama, na vyombo visivyo na rubani viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Waulize wao kwanza kuhusu kibali na eneo, ndipo ulipe fedha za ndege. Ukishapata eneo, nenda alfajiri, kabla upepo wa kiangazi haujaamka na kabla vumbi halijaanza kuzunguka.

Mwalimu alichukua ile yenye makovu. Tulimwonyesha muuzaji wake vipimo vya betri nne alizokuwa ameziorodhesha kama "nzima", akanyamaza kidogo, kisha akapunguza bei na kutuachia betri zenyewe bure. Ziko kwangu mpaka sasa, nje ya karakana, ndani ya ndoo ya mchanga yenye mfuniko, zikimaliza chaji yake polepole kwenye taa ya pikipiki, moja baada ya nyingine.