Je, wajua? Namna bondia anavyosimama mbele ya ngumi zisimpate

Wengi huamini kwamba bondia asiyepigika ana macho mepesi kuliko wenzake: anaiona ngumi ikija, anaikwepa. Hesabu inakataa. Mwili huhitaji takriban sekunde 0.2 kuitikia kitu ambacho jicho limekiona, na ngumi ya moja kwa moja iliyorushwa kutoka karibu hufika ndani ya muda kama huohuo, pengine mapema zaidi. Anayesubiri kuiona amekwisha chelewa. Miguu nayo si jibu kamili. Anayerudi nyuma kila akishambuliwa hapigwi sana, kweli, lakini yuko mbali mno kupiga, na kamba za ulingo zinamngoja mgongoni. Majaji nao hawampi raundi mtu kwa kukimbia.

George Benton wa Philadelphia, Marekani, bondia wa uzito wa kati (mwisho wake ni pauni 160, yaani kilo 72.57), alifuata njia nyingine: baki hapohapo, ila ziba nafasi hadi mpinzani abakiwe na ngumi moja au mbili tu za kuchagua. Kinachobaki ni kuisubiri ile uliyomwachia.

Kwa anayepigia mkono wa kulia, mkao ni huu. Bega la kushoto linamwelekea mpinzani, limeinuka mpaka kidevu kimejificha nyuma yake. Mkono wa kushoto umelala mbele ya tumbo. Kiganja cha kulia kimefunguka kando ya shavu, tayari kudaka jabu (ngumi ya haraka ya moja kwa moja ya mkono wa mbele), na kiwiko chake kinalinda ini. Uzito umeelemea mguu wa nyuma. Mkono wa kulia wa mpinzani ukija, kiwiliwili kinageuka kuelekea kulia, inchi chache tu, na ngumi inateleza begani.

Ni kama mlango kwenye bawaba. Ukiusukuma unakubali, hauvunjiki, kwa sababu haushindani na nguvu yako. Lakini bawaba hazijahama, kwa hiyo mlango una njia ya kurudi, na ukirudi unamkuta aliyeusukuma bado amesimama pale. Bawaba za bondia ni nyonga na mguu wa nyuma. Kurudi kwa mlango ni ngumi yake ya kulia, ambayo ule mzunguko ulishaivuta nyuma tayari kwa kupiga.

Makosa hutokea mahali palepale. Ukiinua bega bila kugeuka, ngumi hupanda juu yake hadi kwenye paji la uso. Ukiegemea nyuma kupita kisigino, ya kwanza inakukosa na ya pili inakupata huna mizani. Kiganja cha kulia kikishuka, ngumi ya kuzungusha ya kushoto inatua tayani. Na mbele ya mpinzani wa mkono wa kushoto bega hilo halisaidii sana, kwani ngumi yake nzito inapita upande wa ndani. Ili mwili uzoee kugeuka bila kupoteza mizani, makocha hufunga kamba usawa wa mabega, bondia apite chini yake kushoto na kulia kwa dakika 3 mfululizo, magoti yakipinda na macho yakibaki mbele.

Benton alianza ngumi za kulipwa mwaka 1949. Mwaka 1962 alimshinda Joey Giardello kwa pointi. Mwaka uliofuata Giardello ndiye aliyepata nafasi na kumnyang'anya Dick Tiger ubingwa wa dunia. Benton hakupewa nafasi hiyo kamwe, na hilo linauma hadi leo kwa wanaoujua uwezo wake. Alipigwa risasi mwaka 1970, kazi ya ulingoni ikaisha. Akajifunza ukocha kwa Eddie Futch, na Februari 1978 alikuwa miongoni mwa wasaidizi kwenye kona ya Leon Spinks, ambaye katika pambano lake la 8 tu la kulipwa alimshinda Muhammad Ali.

Pernell Whitaker, fundi wa kukwepa kuliko karibu wote, alikuwa pia mwanafunzi wake, ingawa alifika kwake akiwa tayari na dhahabu ya Olimpiki ya 1984. Si haki kumpa kocha sifa zote.

Somo lenyewe linaonekana wazi zaidi Oktoba 1990, Las Vegas. Raundi ya 3, Buster Douglas anarusha ngumi ya kulia ya kutoka chini akiwa mbali mno. Evander Holyfield, aliyefundishwa na Benton, anavuta kichwa nyuma kidogo, ngumi inapita hewani, na mkono wake wa kulia unatua kidevuni. Douglas hakuinuka kabla mwamuzi hajahesabu hadi kumi.